Mikato Mitatu kwenye Kibano

Sikuwa na cheti cha shule ya mchana. Sikuwa na baba wa kunirithisha karakana wala jiliwa la kubania chuma. Baba yangu aliuza majani ya kulishia nyati wa maziwa kwa mkokoteni wa kusukuma. Sikuwa na mtoto wa kiume, sikuwa na nyumba ya matofali ya kuchoma mpaka nilipofika miaka hamsini, sikuwa na jino la juu upande wa kulia. Sikuwa na lenzi, na hilo nililitangaza kwa kila aliyeingia karakana ya Haji Siraj: miaka arobaini napiga tupa kwenye vyombo vya kupasulia macho, na sijawahi kuweka kioo mbele ya jicho langu. Shaka ndiyo niliyokuwa nayo tele. Niliigawa kwa watu wote wa mji wetu wa Sialkot, kila mtu na fungu lake, ila mwenyewe sikujibakizia hata chembe.

Barua ya Peru ilifika siku ya Jumatatu, mwezi wa Novemba, wakati wakulima wanachoma mabua ya mpunga na mji mzima unakaa ndani ya moshi. Haji Siraj aliileta mwenyewe kwenye meza yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa msomaji wa Kiingereza pale. Kiingereza hicho nilikisoma shule ya usiku nyuma ya stesheni ya reli, miaka sita, nikitoka kazini na vumbi la chuma kwenye kope. Wenzangu walikuwa wakicheza karata saa hizo.

"Soma, Meraj Din," alisema Haji. "Soma polepole, na usipunguze neno."

Aliyeandika alikuwa Daktari Velarde, mwanamke, mpasuaji wa macho katika mji wa Arequipa. Alisema hivi: vibano sita katika fungu mlilonitumia ncha zake hazikutani. Nilikuwa nimeshika utando mwembamba wa jicho la bibi mmoja, ukaniponyoka katikati ya kazi. Bahati nilikuwa na kibano cha zamani, nacho kimetoka kwenu, na jicho la bibi limepona. Sitaki kurudishiwa fedha. Nataka kujua ni mkono wa nani uliovitengeneza, na kama mkono huo bado unatengeneza vyombo vya macho. Nikipata jibu la kweli nitaendelea kununua kwenu. Nisipolipata, basi.

Haji alifungua kitambaa kilichokuja na barua, akamimina vibano sita kwenye trei yangu. Havikuwa virefu kuliko kidole cha shahada, na ncha zake nyembamba kama mwiba wa mlimau. Kwenye upande wa ndani wa kila kimoja, karibu na shina, palikuwa na mikato mitatu midogo ya tupa.

Kwetu kila fundi wa kumalizia ana alama yake, na alama ikishapigwa hakuna anayekigusa chombo hicho tena isipokuwa msuguaji wa kuking'arisha. Kugusa kazi yenye alama ya mwenzako ni kama kufungua mlango wa nyumba yake bila hodi. Mtu wa hivyo hapati kazi mtaa wowote, hata akilia damu.

Mikato mitatu ilikuwa yangu.

"Haiwezekani," nilisema.

Nikang'oa unywele kwenye mkono wangu, nikaulaza juu ya ukucha wa dole gumba niliokwisha kuulowesha mate, nikauchukua kwa kile kibano. Hicho ndicho kipimo chetu tangu enzi za mafundi wa kwanza: kibano cha macho kiokote unywele mmoja kwenye ukucha wenye maji. Unywele ulikuja. Nikautikisa mbele ya Haji.

"Unaona? Kinashika."

Haji alikiinua kuelekea balbu, akakunja uso, akamwita Boota msuguaji. Boota alikuwa mtu wa mzaha, uso wake mweusi kwa dawa ya kung'arishia kutoka paji mpaka kidevu. Alitazama akapiga mluzi.

"Ami Meraj, hapa kati treni inapita, tena na mabehewa yake."

"Funga mdomo usije ukaingia vumbi," nilimwambia. Nikakinyang'anya, nikafumba jicho la kushoto kama desturi yangu, nikatazama kwa la kulia. Niliona mwanga wa kawaida uliozungukwa na ukungu, kama siku zote za moshi. "Kwanza Haji ananunua balbu za bei ya figili. Nani ataona kitu chini ya taa hizi?"

"Balbu ni zile zile, Meraj," alisema Haji. Hakutabasamu. "Jibu litaondoka Jumamosi kwa posta ya rejista. Utaliandika wewe. Litakuwa na jina la mtu, kwa sababu ameuliza jina. Na mtu huyo, awe nani, ataondoka meza ya macho aende kwenye mikasi ya vinyozi."

Meza ya macho tulikuwa wawili tu: mimi na Rafaqat.

Huyu Rafaqat nimweleze. Alikuwa mtu wa kijiji kimoja karibu na mji wa Daska, umri wa miaka arobaini, mpole wa maneno, mpiga tupa kwa mkono wa kushoto. Alipokuja mjini akiwa kijana, karakana nne zilimfukuza; walisema mkono wa kushoto ni wa chooni, hautatengeneza kitu cha kuingia machoni mwa watu. Mimi ndiye niliyemgeuzia jiliwa upande wa pili nikamfundisha. Miaka kumi na minane tumekaa bega kwa bega. Miaka miwili iliyopita alinunua lenzi ya fundi saa, ile ya kubana kwenye kope, na tangu siku hiyo nikawa namwita Jicho la Kioo. Alikuwa akicheka tu. Mtu anayecheka ukimtukana, mimi simwamini.

Jioni ile nikala mkate wa figili nyumbani bila kuonja ladha yake. Niliwaza: vibano viliondoka mikononi mwangu vikiwa vizima. Vimefika Peru vikiwa vibovu. Katikati kuna mkono. Na nani angefaidika nikiondolewa meza ya macho? Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Nikanyoosha mkono kuchukua chai, glasi ikaanguka.

"Siku hizi unanyoosha mkono kushoto kwa glasi iliyo kulia," alisema mke wangu Sakina, akifuta mkeka.

"Umeihamisha wewe."

"Nimeihamisha mimi! Mwanaume huyu atasema hata mwezi nimeuhamisha mimi."

Kuanzia Jumanne nikawa mpelelezi. Nililaza vibano vyangu kwenye trei, vyote vichwa vikielekea dirishani, nikaenda kusali adhuhuri. Niliporudi, viwili vilikuwa vimeelekea ukutani. Mtu wa mkono wa kulia akirudisha kitu kwenye trei ile, kichwa huangukia dirishani. Wa kushoto huangukia ukutani. Nilikaa nikamtazama Rafaqat kwa pembeni. Alikuwa akipuliza vumbi kwenye jiliwa lake, na midomo yake ikitembea kama anayehesabu tasbihi.

"Kuna jambo, Ami?" aliuliza.

"Nauliza wewe."

"Mimi sina jambo."

"Basi tuko wawili tusio na jambo."

Jumatano nilipitisha kidole kwenye ukingo wa meza yangu, nikakuta unga wa chuma laini kama poda. Tupa niliyokuwa nikitumia asubuhi hiyo ilikuwa ya meno makubwa zaidi. Unga wake huwa na chembe za kukwaruza. Nikaukusanya ule unga kwenye karatasi ya sigara, nikaukunja, nikautia mfuko wa kizibao. Boota aliniona.

"Ami, sasa unalamba vumbi? Sakina amekunyima chumvi?"

"Huu ni ushahidi."

"Wa nini?"

"Utajua Jumamosi."

"Ndiyo maana sikuenda shule ya usiku," Boota aliwaambia wengine. "Mtu unaanza na alfabeti unaishia polisi."

Walicheka. Rafaqat hakucheka. Hilo nalo niliweka akilini: siku zote anacheka, leo hacheki.

Alhamisi nilikata shauri la mtego. Tuna rangi ya buluu, nzito kama jibini, tunayopaka kwenye maungio ya mikasi ili kujua pale chuma kinapogusana na chuma. Ijumaa asubuhi nilimaliza vibano sita, nikapiga mikato yangu mitatu kwenye kila kimoja, nikavipima vyote kwa unywele, vikashika. Kisha nikapaka tone la buluu ndani ya kila ncha, dogo kiasi kwamba asiyejua hawezi kulitambua. Adhana ilipolia, watu walitawadha wakatoka.

"Tangulieni," alisema Rafaqat. "Nafunga maji nakuja."

Nilikuwa nikilisikia neno hilo kila Ijumaa kwa miezi mingi. Siku hiyo lilinichoma.

Nilikwenda na wenzangu mpaka kwenye kona ya muuza karanga, nikajifanya nakunja mkono wa kanzu, nikawaacha waende. Kisha nikarudi kwa uchochoro wa nyuma. Katika miaka arobaini sikuwa nimekosa sala ya Ijumaa isipokuwa kwa homa na kwa mazishi. Nikaweka uso kwenye dirisha la nondo.

Alikuwa ameketi kwenye meza yangu. Si yake, yangu. Lenzi imebanwa jichoni, kibano changu kimo kwenye jiliwa, na tupa nyembamba kuliko zote inakwenda na kurudi kwenye ncha, polepole, kwa mkono wa kushoto.

Niliusukuma mlango ukagonga ukuta.

"Mwizi wewe!"

Rafaqat hakuruka. Kwanza aliilaza tupa chini, kama nilivyomfundisha, kwa sababu tupa ikianguka juu ya ncha umepoteza kazi ya siku. Halafu akasimama. Dole gumba lake na kidole cha shahada vilikuwa na buluu.

"Ami, umekosa sala," alisema.

"Na wewe je?"

"Mimi huenda msikiti wa sokoni. Wao huchelewa."

"Tangu lini unagusa kazi yangu? Sema, tangu lini?"

"Tangu baridi ya mwaka jana."

"Mwaka mzima! Mwaka mzima unaharibu jina langu! Mimi niliyekugeuzia jiliwa! Ungetaka meza hii si ungesubiri nife? Nimebakisha miaka mingapi?"

Aliivua lenzi jichoni, akailaza kwenye trei yangu.

Watu waliporudi kutoka msikitini walitukuta tumesimama hivyo. Haji Siraj alisikiliza mashtaka yangu, akaona vidole vya buluu, akafungua ile karatasi yangu ya unga wa chuma akausugua kati ya vidole vyake. Kisha akamgeukia Rafaqat.

"Umegusa vibano vyenye alama ya Meraj?"

"Nimegusa, Haji."

"Kwa nini?"

Rafaqat alitazama viatu vyangu. "Sina la kusema."

"Sema, mwanaume!" alipiga kelele Boota, na safari hii hakukuwa na mzaha kwenye sauti yake. "Una mabinti watatu nyumbani. Ulimi umepigwa lakiri?"

Haji akavuta pumzi ndefu. Alisema Rafaqat asije kesho wala kesho kutwa, na kwamba yeye Haji hatalificha jambo hili akiulizwa na wenye karakana wengine. Maana yake kila mtu aliielewa. Rafaqat alifunga tupa zake moja moja kwenye kitambaa, akakizungushia kamba, akaniambia, "Kwa heri, Ami," akatoka. Lenzi yake aliisahau kwenye trei yangu.

Nililala vizuri usiku ule. Sioni haya kulisema, maana ni kweli.

Jumamosi asubuhi niliketi kwenye meza ndogo ya Haji, na karatasi nzuri, na kalamu niliyozawadiwa na mwalimu wa shule ya usiku. Niliandika salamu. Niliandika kwamba tumechunguza. Niliandika: aliyefanya kosa ni mfanyakazi aitwaye Rafaqat. Nilitaka barua iwe ya kisomi, yenye namba ya fungu na tarehe zake, kwa hiyo nikafungua daftari la kazi zilizotoka. Vibano vya Daktari Velarde vilikuwa fungu la mia mbili na kumi na mbili. Vilianza kutengenezwa tarehe ishirini Agosti, vikamalizika tarehe thelathini.

Kalamu ilisimama.

Tarehe kumi na nane Agosti tulimzika kaka yake Rafaqat. Mimi na Haji tulipanda basi kwenda kijijini kwao, mvua ikinyesha, tukala wali wa matanga tumechuchumaa chini ya turubai. Tukamwacha huko na wafiwa. Alirudi kazini Septemba mosi na mfuko wa mapera, akaniwekea mezani. Nakumbuka nilimwambia yana funza hata kabla sijayakata.

Mtu aliyekuwa kijijini kwao hawezi kugusa vibano vilivyokuwa Sialkot.

Mtu mwenye shaka haachi upesi. Nilimpitisha Boota mbele ya akili yangu. Lakini Boota husugua kwa gurudumu, na gurudumu haliwezi kufungua ncha bila kuacha alama. Nilimpitisha Haji mwenyewe, nikaona haya. Kisha nikasoma daftari kwenda nyuma na mbele. Mia mbili na kumi na moja, hakuna lalamiko. Mia mbili na kumi na tatu, hakuna. Mafungu yote ya mwaka mzima, yaliyokwenda kila pembe ya dunia, hakuna. Fungu moja tu lilirudi, lile ambalo Jicho la Kioo hakuwepo.

Niliinuka nikaenda kwenye meza yangu. Vibano sita vya jana vilikuwa pale pale. Vitatu vilikuwa havina buluu. Ndivyo alivyokuwa amevimaliza kabla sijausukuma mlango. Vitatu vilikuwa nayo bado. Na katikati ya trei, lenzi.

Niliangalia kama kuna mtu. Nikaichukua, nikaibana kwenye jicho la kulia.

Nikaona maziwa. Si balbu, si moshi wa mabua. Ukungu mweupe uliotulia, mkubwa zaidi kwa sababu ya kioo. Nilifuta lenzi kwa kanzu nikatazama tena. Maziwa yale yale. Nimewaona maelfu ya watu wa kijijini wakishuka kwenye mabasi kwenda hospitali ya macho, wameshikwa mkono na wajukuu, na mboni zao zina doa kama ukungu wa alfajiri. Mtoto wa jicho. Vyombo vya kumtoa ndivyo nilivyotengeneza maisha yangu yote, na alipokuja kukaa kwangu sikumjua kwa sura.

Kisha nikafanya jambo ambalo katika miaka arobaini sikuwahi kulifanya. Nililifumba jicho la kulia, nikaibana lenzi kwenye la kushoto.

Dunia ikafunguka. Niliona nyuzi za kitambaa cha meza. Niliona kibano alichokigusa Rafaqat: ncha zake zilikutana kama midomo ya mtu anayenuia sala. Nikachukua kimojawapo cha vile vyangu, nikakibana. Chini zilikutana. Juu, pale mwisho kabisa, zilibaki wazi, zimepinda nje kidogo kama mdomo wa birika. Treni ya Boota ingepita, kweli.

"Lakini kilishika unywele," nilijiambia kwa sauti.

Nikang'oa unywele, nikaulaza kwenye ukucha, nikauokota huku natazama. Kilishika, ndiyo. Kiliushika nyuma ya ncha, mahali ambapo chuma kilikutana, na sehemu ya mbele ikawa wazi haifanyi kazi. Unywele ni mrefu, utashikwa popote. Utando wa jicho haungojei kushikwa nyuma. Mwaka mzima mkono wangu uliniambia kinashika, nami nikausadiki, kwa sababu jicho halikuweza kuniambia kinashika wapi.

Nilirudi kwenye meza ya Haji. Jina la Rafaqat lilikuwa limekauka kwenye karatasi, kwa mwandiko mzuri. Ilikuwa saa nne. Hakuna aliyejua kusoma barua ile isipokuwa mimi. Ningeweka sahihi ya Haji chini, ningepiga lakiri, na ningebaki fundi wa macho kwa miezi kadhaa, au mpaka bibi mwingine wa Arequipa, ambaye daktari wake hatakuwa na kibano cha zamani.

Nikaikunja karatasi mara nne, nikaitia mfukoni, nikatoka.

Rafaqat anakaa nyuma ya kiwanda cha ngozi. Nilimkuta uani amechuchumaa akimenya figili, na binti yake mdogo akimsimulia kitu cha shule. Aliponiona alisimama akaniletea kiti cha kamba.

"Mbona hukusema?" nilimwuliza kabla sijakaa.

"Nini, Ami?"

"Usinichezee. Nimeitumia lenzi yako."

Alimtuma mtoto ndani akalete chai. Kisha akasema, "Ningekuambia, ungesikia? Siku moja nilikuambia taa ya meza yako ivutwe karibu. Ulisema nataka kukuunguza nyusi."

Nilikumbuka. Nilisema hivyo.

"Mbele ya Haji basi. Jana."

"Niseme nini? Kwamba aliyenifundisha haoni? Mbele ya Boota?" Alikata figili vipande viwili. "Karakana nne zilinifukuza, Ami. Ya tano ilikuwa na wewe. Nilidhani nitakusogeza kwa kuzirekebisha ncha zako mpaka Haji mwenyewe agundue, au mpaka ukubali kwenda hospitali. Kaka akafa, nikaenda. Kule nilikuwa nawaza fungu lile kuliko marehemu, Mungu anisamehe."

"Uligusa kazi yenye alama ya mtu. Ni kosa."

"Ni kosa," alikubali. "Sikukana."

Chai ilikuja. Nilitazama glasi iko wapi kwa jicho la kushoto, ndipo nikanyoosha mkono. Yeye alitazama pembeni asinione.

"Vaa viatu," nilimwambia. "Posta inafunga saa saba."

Karakanani Haji Siraj alipigwa na butwaa nilipomweleza. Mara mbili aliniambia nirudie. Aliibana ile lenzi, akatazama vibano vitatu na vitatu. Kisha akakaa chini, akavua kofia.

"Meraj, barua hiyo ikienda na jina lako, siwezi kukuacha kwenye meza ya macho. Nilisema mbele ya watu wote."

"Ulisema. Nami nilikuwepo."

"Tuandike mfanyakazi mmoja, bila jina. Tuandike kosa la mashine."

"Ameuliza mkono wa nani, Haji. Yeye ndiye anayeingia nao ndani ya jicho."

Boota alikuwa mlangoni, dawa ya kung'arishia ikimdondoka kiwikoni. "Mikasi ya vinyozi si mibaya," alisema. "Ukiikosea, mtu anapoteza sikio tu. Na masikio yapo mawili." Hakuna aliyecheka, naye hakungoja kicheko. Alimpiga Rafaqat begani, akamwachia alama nyeusi kwenye shati.

Niliandika upya. Jicho la kulia nililifumba, na mistari ikanyooka kuliko ya asubuhi. Niliandika kwamba vibano sita vya fungu la mia mbili na kumi na mbili vilitengenezwa na Meraj Din, ambaye jicho lake la kazi lina mtoto wa jicho ambaye hakumjua kwa sababu ya kiburi chake. Niliandika kwamba mkono huo hautengenezi tena vyombo vya macho kuanzia leo. Niliandika kwamba vibano vya zamani alivyo navyo, vyenye mikato mitatu, vya kabla ya mwaka jana, avitumie bila hofu. Hilo sikuweza kuliacha, na ni kweli. Niliandika kwamba vibano sita vingine vitafika mwezi ujao, navyo vitakuwa na alama ya duara moja, na kwamba mwenye duara hilo hutumia mkono wa kushoto, ndiye fundi bora wa meza hiyo. Rafaqat alikuwa akisoma usoni mwangu, kwa kuwa Kiingereza hakijui.

"Umeniandika mimi?"

"Nimeandika kwamba unauza mapera yenye funza."

Tulikwenda posta wawili. Foleni ilikuwa fupi. Karani wa rejista alinipa kijiti cha nta ya lakiri na kibiriti, akasukuma sahani ya bati chini ya dirisha. Niliwasha, lakiri ikaanza kulia matone mekundu. Rafaqat aliushika mkono wangu kwenye kifundo, akausogeza nusu inchi kulia, na matone yakaangukia katikati ya mkunjo wa bahasha.

"Muhuri wenu?" aliuliza karani. "Lakiri haikubaliki bila muhuri."

Muhuri wa Haji tulikuwa tumeusahau. Saa ya ukutani ilikuwa saa saba kasoro dakika tano. Nilipapasa mfuko wa kizibao, nikatoa tupa yangu ndogo, ile ya alama, na kabla lakiri haijakauka nikaikandamiza mara tatu.

Karani aliinama akaitazama mikato ile. Akainua mabega, akaigonga bahasha muhuri wa tarehe, akaandika namba, akaitupa kwenye gunia la barua za nje.